Jinsi tulivyonunua Pijo pale Malaba tukamwachia dealer logbook kwa heshima zote

Wakuu, hamjambo huko mliko. Wale wa kwetu, yoga.

Mimi humu ni mtu wa kusoma na kupita, si mtu wa kuandika. Lakini kuna member ameuliza kuhusu kununua gari used kutoka nje. Agent anamwambia alipe yote, documents zitafuata nyuma. Nimesoma comments zenu zote. Wengi mmemcheka. Mimi sikucheka hata kidogo.

Nitawasimulia kitu kilichotupata mimi na baba yangu miaka ya sabini. Ninachokumbuka nitakisema vile kilivyokuwa, hata pale panaponiaibisha. Nisichokumbuka nitasema sikumbuki. Umri huu nikidanganya namdanganya nani?

Mtanivumilia kidogo. Naandika na kidole kimoja, na mambo yenyewe ni ya zamani sana. Mengine yakinijia sijui kama niliyaona ama niliyaota.

Haya.

Kwetu ni Angurai, huku juu kwenye mawe makubwa. Siku hizo asubuhi ukungu ulikuwa unashuka kutoka Mlima Elgon unakaa kwenye mashamba ya pamba mpaka saa nne, na mtu akitembea barabarani unaona kichwa tu kinakuja bila miguu.

Baba alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe. Si mkubwa, lakini alikuwa anajulikana soko zote mpaka Amukura. Watu walikuwa wanamwita awaangalizie ng'ombe kabla hawajanunua. Hakuwa anashika sana. Alikuwa anasimama tu, mikono nyuma, anasema "mtembeze." Ng'ombe akitembezwa hatua kumi, baba anajua kila kitu. Huyu amezaa mara tatu. Huyu alikuwa mgonjwa mwaka jana. Huyu mwenyewe anamuuza kwa sababu anapiga teke.

Hakuwahi kukosea. Sisemi hivyo kwa sababu ni baba yangu, uliza wazee wa huko kama bado wapo.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na tatu hivi. Nilikuwa nimeendesha lori la society ya pamba miaka miwili, nikasimamishwa lori lilipokufa engine. Kwa hivyo nilikuwa driver bila gari. Hiyo ni hali mbaya wakuu. Miguu inakanyaga clutch hata ukiwa umekaa kwenye stuli unakula.

Na nilikuwa na msichana. Amoding.

Sitasema mengi juu yake, ana wajukuu sasa na pengine wako humu. Niseme tu kwamba alikuwa anacheka na macho kwanza, mdomo unafuata baadaye. Ukikaa naye unajikuta unangojea hiyo nafasi katikati.

Babake alikuwa ameshakubali. Ng'ombe wa mahari walikuwa wanane, na baba alikuwa nao tayari, ameshawatenga upande. Kilichobaki ni kupeleka. Babake Amoding alisema, "Wimbi likishavunwa nataka nione hao ng'ombe kwa boma yangu. Likivunwa bila ng'ombe, nitasikiliza watu wengine."

Alisema bila ubaya. Watu wengine walikuwa wapo kweli, tena mmoja alikuwa mwalimu.

Sasa hapo ndipo ndoto iliingia.

Wale wakubwa humu wanakumbuka hali ilivyokuwa ng'ambo, Uganda, miaka hiyo. Watu wengi waliondoka kwa haraka, wakaacha nyumba, maduka, na magari. Magari mazuri yakaanza kuteremka mpaka Malaba na Busia, yanauzwa kwa bei ya kushangaza. Ukienda Malaba siku yoyote unakuta Austin hapa, Vokswagen pale, zimepangwa nyuma ya lodging karibu na reli, na mtu ameegemea anapiga kiatu brashi.

Ni mimi nilimwambia baba. Nilimwambia, "Papa, Angurai hakuna gari ya kubeba watu. Mgonjwa anabebwa na baiskeli. Tukibadilisha hao ng'ombe wanane na gari moja, watarudi kabla ya wimbi, na gari itabaki."

Baba aliwaza siku mbili. Ya tatu akasema, "Twende nikaione ikitembea."

Hapo nilipaswa kujua. Lakini nilikuwa nimefurahi mpaka sikulala.

Dealer alijiita Livingstone. Sijui kama ndilo jina lake. Mtu mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Kiswahili chake kilikuwa kile cha ng'ambo, kila sentensi ina ssebo, yaani bwana, ndani yake. Alikuwa mpole. Watu wanafikiri tapeli anakuwa na macho ya mwizi. Huyu alikuwa na macho ya katekista.

Gari ilikuwa Pijo 404, station wagon, rangi ya maziwa yaliyowekwa chai kidogo. Viti vya nyuma vya mistari miwili. Namba za Uganda. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na maji yalikuwa bado yamekaa kwenye bonnet matone matone. Nakumbuka treni ya mizigo ilikuwa imesimama nyuma yake inapumua taratibu, na mimi sikusikia kitu kingine chochote.

Baba alisimama, mikono nyuma. Akaizunguka. Akainama akaangalia chini ya tumbo. Akanusa upande wa mbele. Akagonga tairi na fimbo.

"Imezaliwa wapi?" akauliza.

"Ulaya, ssebo. Imekuja na meli, ikapanda treni mpaka Kampala."

"Mwenyewe anauza kwa nini?"

"Mwenyewe alienda, mzee. Alilia wakati anaiacha."

Baba akatingisha kichwa, aliona hiyo ni sababu nzuri. Kisha akasema, "Mtembeze."

Wacheni kucheka. Livingstone hakucheka. Aliingia, akaiwasha, akaitembeza mbele ya baba polepole mpaka kwenye reli, akaigeuza, akairudisha. Baba anaangalia magurudumu vile alivyokuwa anaangalia kwato. Ilivyorudi akasema, "Mguu wa nyuma kushoto unachechemea kidogo." Na wakuu, ilikuwa kweli! Shock absorber ya nyuma kushoto ilikuwa imechoka. Livingstone mwenyewe alishika mdomo. "Banange, mzee, wewe ni mekanika?"

"Mimi ni mtu wa ng'ombe," baba akasema, na nikaona amefurahi sana.

Mpaka hapo hakuna mtu alikuwa amekosea. Gari ilikuwa nzima. Inspection yetu ilikuwa bora kuliko za kwenu za certificate.

Baada ya siku tatu tulipeleka wale ng'ombe wanane Malaba kwa miguu. Livingstone alikuwa amekubali kuchukua ng'ombe badala ya pesa, kulikuwa na mtu wa kuchinja aliyekuwa anawangoja. Tuliwapanga pale nyuma ya lodging. Baba akaanza kuwatoa kamba shingoni, mmoja mmoja, na kuzikunja mkononi.

Livingstone akauliza, "Mzee, mbona unatoa kamba? Nitawaongoza na nini?"

Baba akamweleza. Kwetu ukiuza ng'ombe, ng'ombe anaenda, kamba inabaki. Anayenunua anakuja na kamba yake. Ukimpa mtu na kamba, umempa bahati ya boma yote, na ng'ombe wengine watafuata. Mtu mwenye heshima hata haombi kamba.

Alimweleza vizuri, bila haraka, vile unavyomweleza mgeni unayempenda.

Livingstone alisikiliza mpaka mwisho. Akaangalia zile kamba. Akaangalia gari. Nimerudia hiyo dakika mara nyingi sana maishani, na naamini kabisa mpaka hapo hakuwa na plan ya kutuibia. Mkononi alikuwa ameshika ile logbook, ameileta atupatie. Niliiona. Ilikuwa na jalada la kijani limechakaa kwenye kona.

Akatabasamu polepole. Akasema, "Mzee, kumbe sisi ni watu wamoja. Hata kwetu, gari inaenda, kitabu kinabaki. Hiki ndicho kamba ya gari."

Akaikunja, akaiweka mfukoni nyuma ya zile kalamu.

Baba alifurahi wakuu! Alimshika mkono kwa mikono miwili. Alisema, "Ejok. Vizuri sana. Nilidhani watu wa magari hawana adabu." Aliniangalia mimi kana kwamba ananionyesha mfano.

Na mimi?

Mimi nilikuwa nimeendesha lori la society miaka miwili. Nilikuwa nimeona logbook ya lori ikifungiwa kwenye kabati la ofisi. Nilikuwa nimesikia clerk akisema bila hiyo kitabu, lori ni la mtu mwingine. Nilijua. Sikujua kila kitu, lakini nilijua ya kutosha kufungua mdomo.

Nilifungua kweli. Nilisema, "Na namba? Si tutataka kubadilisha ziwe za Kenya?"

Livingstone akasema, "Hiyo ni kazi yangu, kijana wangu. Kuna karatasi ya kuendesha na hizi namba mwezi mmoja. Ikiisha nakuja mpaka kwenu na namba mpya." Akanitupia ufunguo.

Niliudaka. Sikusema neno lingine.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilikuwa naogopa kumwaibisha baba mbele ya mtu, hiyo ni kweli. Lakini ukweli mkubwa ni kwamba nilitaka kuendesha. Ile gari ilikuwa inaninukia. Nikisema neno moja zaidi, tungerudi Angurai kwa miguu na ng'ombe wetu, na mimi ningerudi kwenye stuli.

Tulirudi na gari. Baba alikaa nyuma kabisa, peke yake, kamba nane kwenye mapaja, anaangalia pamba ikipita dirishani.  Tulipofika akabaki ndani, akaniambia nizunguke tena.

Wakuu, naomba mniachie hapa nikae kidogo, maana hizi ndizo siku zangu nzuri duniani.

Zilikuwa siku arobaini na kitu. Naondoka Angurai ukungu bado upo, taa zimewashwa, mbele sioni zaidi ya hatua tano, na watu wanatokea kwenye weupe mmoja mmoja, wameinua mkono. Akina mama na kuku, wazee na magunia ya wimbi. Malaba, halafu Busia, halafu narudi. Jua likitoka kwenye ile barabara, vumbi linapanda nyuma yetu linakuwa rangi ya dhahabu na halitaki kushuka. Ilikuwa inakwenda kama inaelea. Hata sauti ya engine siikumbuki, nakumbuka tu upepo.

Mama mmoja alipanda mara ya kwanza kwenye gari maishani, akavua viatu akaviacha barabarani. Tulifika Malaba ndipo akakumbuka. Tulicheka mpaka nikasimamisha gari.

Jumapili moja nilimchukua Amoding mpaka Port Victoria kuona ziwa. Shangazi yake alikaa nyuma, ndiyo sharti. Amoding alikaa mbele amefungua dirisha, mkono nje, anaacha upepo uupandishe na kuushusha. Tulifika tukasimama kwenye ufuo, maji yako kimya, mashua zimevutwa juu. Tulinunua samaki tukaweka kwenye boot, na gari ikanuka wiki nzima.

Tukirudi, shangazi amelala, Amoding akaniuliza polepole, "Tukienda tu bila kusimama, tutafika wapi?"

Nikamwambia, "Petroli itaisha Mumias."

Akacheka na macho. Sikujua kujibu vizuri siku hizo. Ningejua leo.

Mwezi uliisha, Livingstone hakuja. Nilimwambia baba. Baba akasema, "Ana shughuli. Mtu mwenye adabu ya kamba hawezi kukusahau." Wimbi lilikuwa limeanza kukomaa. Tulikuwa tumesharudisha ng'ombe wawili kwenye boma.

Siku moja nimeegesha Busia, karibu na soko, saa nne asubuhi hivi, nangoja abiria. Mzee mmoja akaja. Kanzu safi, kofia, miwani. Nilimjua kwa sura, alikuwa na duka la vitambaa pale mjini. Mzee Swaleh. Alisimama mbele ya gari akaangalia namba. Akatoa kitu kwenye mfuko wa kanzu, akakiangalia, akaangalia namba tena.

Jalada la kijani, limechakaa kwenye kona.



Alikuja dirishani. "Assalam aleikum, kijana. Shuka tuongee. Usiogope."

Kumbe Livingstone alikuwa ameshuka mpaka Busia wiki ileile tuliyomwachia kitabu. Akamuuzia Mzee Swaleh gari yetu. Mzee Swaleh alikuwa mtu wa biashara tangu utotoni, mtu wa risiti. Aliisoma logbook ukurasa kwa ukurasa, akaangalia mihuri, akaangalia chassis number imeandikwa bila kufutwa. Akaridhika. Akaambiwa gari iko Malaba kwa driver, italetwa. Akalipa, akangoja dukani mpaka asubuhi hiyo alipoona namba.

"Hukuiona gari?" nikamuuliza.

"Wallahi sikuiona," akasema. Alivua miwani akaifuta. "Nilisema moyoni, karatasi ni safi hivi, gari itakuwa vipi?"

Hebu fikirieni wakuu. Baba alichunguza gari mpaka akajua mguu unaochechemea, hakuiuliza karatasi. Huyu alichunguza karatasi mpaka muhuri wa mwisho, hakuiuliza gari. Kila mtu aliangalia kile alichokijua, na alikiangalia vizuri sana.

Tulienda kituo cha polisi. Baba aliletwa kutoka Angurai. Alikuja amevaa koti lake la sherehe, na amebeba zile kamba nane.

Aliziweka mezani mbele ya yule ofisa. Akaeleza yote kutoka mwanzo, vile alivyomweleza Livingstone, bila haraka. Kwamba gari ilitembezwa mbele yake. Kwamba ng'ombe walienda. Kwamba kamba zilibaki, za huku na za huku.

Ofisa alikuwa kijana wa mbali. Alisikiliza kidogo, halafu akacheka. Hakucheka kwa ubaya, alishindwa tu kujizuia. Akasema, "Mzee, hapa kwetu logbook ndiyo ng'ombe. Gari ndiyo kamba."

Askari wengine wawili wakacheka pia.

Mzee Swaleh hakucheka. Alisema, "Nyamazeni, huyu ni mtu mzima." Lakini ilikuwa imeshasikika.

Baba aliangalia zile kamba mezani. Halafu aliniangalia mimi. Hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananiuliza na macho kama huyu kijana anasema ukweli, kwa sababu mimi ndiye driver, mimi ndiye niliyesoma.

Nikatingisha kichwa kwamba ndiyo, ni ukweli.

Basi. Gari ikaenda kwa Mzee Swaleh. Livingstone hakuonekana tena upande huu wala ule. Baba alikwenda Malaba siku nyingi kumtafuta, anasimama pale nyuma ya lodging, mikono nyuma, anaangalia mabehewa ya treni yakipita mpaka ya mwisho. Halafu akaacha kwenda. Akaacha hata kwenda soko la ng'ombe. Watu walikuja kumwomba awaangalizie ng'ombe, akawaambia, "Tafuteni mtu anayeona." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, ndiyo maana iliuma.

Na mimi, mtashangaa, nilibaki na gari. Mzee Swaleh hakujua kuendesha. Aliniambia, "Wewe unaijua, iendeshe, nitakulipa mshahara." Nilikubali. Mnaweza kusema ni ujinga. Sikutaka mtu mwingine ashike usukani wake, hiyo tu.

Wimbi likavunwa. Ng'ombe wetu walikuwa wawili.

Babake Amoding alikuwa muungwana, aliongeza wiki tatu. Halafu akasikiliza watu wengine.

Sasa Pijo ya Mzee Swaleh ilikuwa inakodishwa kwa harusi, hakukuwa na nyingine safi kama hiyo. Jumamosi moja aliniambia kuna harusi ya mwalimu fulani, nimchukue bibi harusi kwao nimpeleke kanisani. Akanitajia kwao ni wapi. Nilipomweleza huyo bibi harusi alikuwa nani kwangu alishtuka, akasema atatafuta driver mwingine. Nikamwambia hapana, nitaenda.

Niliiosha mwenyewe. Nikafunga riboni nyeupe.

Ilikuwa asubuhi ya ukungu. Amoding alitoka nyumbani kwao na nguo nyeupe na sikuona vizuri mwisho wake uko wapi na ukungu unaanza wapi. Aliingia nyuma, na yule shangazi. Niliendesha polepole sana. Nafikiri ni safari ndefu kuliko zote nilizowahi kuendesha, na ilikuwa maili sita.

Katikati ya njia akaongea, kwa Kiteso, kwa sauti ya chini.

"Wewe uliendesha lori la society miaka miwili."

"Ndiyo."

"Siku ile Malaba. Hukujua hicho kitabu kinakuja pamoja na gari?"

Shangazi akaangalia nje.

Ningeweza kusema hapana. Angeniamini, na pengine mngeniamini hata nyinyi.

"Nilijua," nikasema.

 Tulipita yale mawe makubwa, tukashuka. Halafu akauliza, "Baba yako anajua kwamba ulijua?"

"Hapana."

"Mwambie," akasema. Tukafika kanisani. Nilimfungulia mlango, akashuka, akaingia kwenye watu.

Baba aliishi miaka mingine kumi na mbili. Tulikula pamoja karibu kila jioni. Nilikuwa na jioni za kutosha kumwambia.

Mwisho alikuwa mgonjwa, amelala nyumbani, mchana, jua limeingia mlangoni. Nilikuwa nimeshaoa mtu mwingine, mke mzuri, sina lalamiko. Baba akanishika mkono. Akasema, "Nisamehe. Nilipoteza ng'ombe wako kwa ujinga wangu. Nilikunyima yule msichana."

Nikamwambia, "Si neno, Papa. Nimeshasamehe."

Ndivyo nilivyomjibu wakuu. Akafunga macho ametulia.

Sasa lesson, maana najua wengine mmeruka mpaka hapa chini.

Gari na karatasi zipokelewe wakati mmoja, mkono mmoja. Shika gari, soma karatasi, linganisha chassis number na macho yako mwenyewe. Kama unajua kimoja tu kati ya hivyo viwili, tafuta mtu anayejua kingine na umlipe chai. Na mchunge dealer anayependa desturi zako haraka kuliko unavyozipenda wewe. Tapeli mzuri haji na maneno yake, anangoja umpatie yako. Kwenu leo atakuwa anaongea dini yako, ama kabila lako, ama shule uliyosoma.

Lakini hiyo ni lesson ya gari. Livingstone alituibia ng'ombe wanane, na ng'ombe wanazaliwa. Imani ya baba kwa macho yake mwenyewe ni mimi niliyeichukua, na nikamwacha aniombe msamaha juu yake. Kama kuna mtu nyumbani kwako anabeba kosa ambalo unajua si lake, simu unayo mkononi.

Nimemaliza. Maswali karibuni, na mwenye kisa chake cha magari ya ng'ambo akiweke hapa chini tujifunze. Mwenye kunitukana pia aandike, nasoma polepole kwa sababu ya macho, lakini nitasoma yote.